Familia kwanza, iliyoandikwa kwenye kanuni: kisa cha Mary Kay Ash na kampuni aliyoifungua Dallas mwaka 1963

Mtoto wa miaka saba amesimama nyumbani kwao Houston, Texas, simu sikioni. Baba yake amelala chumbani, kifua kikuu kimemmaliza nguvu. Mama yake yuko mkahawani, anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, maana ndiye anayelisha nyumba. Kwa simu hiyo anamwelekeza binti namna ya kumpikia baba supu ya viazi: sufuria ipi, viazi vingapi, maji kiasi gani. Kila anapomaliza kuelekeza, anatia neno lile lile: unaweza.

Mtoto huyo alizaliwa tarehe 12 Mei 1918 katika kijiji cha Hot Wells, Texas, na aliitwa Mary Kathlyn Wagner. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Mary Kay Ash, mwanzilishi wa kampuni ya vipodozi ya Mary Kay, aliyewafundisha wauzaji wake mpangilio mmoja: Mungu kwanza, familia ya pili, kazi ya tatu.

Maneno ya namna hiyo tunayasikia kila siku, na mara nyingi hayazidi nia njema. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu mama huyu aliyageuza kuwa kanuni za biashara kabla hajafungua mlango, na kila kanuni ilikuwa na gharama mtu anayoweza kuipigia hesabu. Kinastahili pia kwa sababu pale mfumo ulipovuja, uliwavujia walewale uliokusudia kuwalinda.

Alichokiona kabla ya kuwa na kampuni yake

Aliolewa akiwa na miaka 17, akazaa watoto watatu: Marylyn, Ben na Richard. Mume alikwenda vitani. Vita vilipoisha ndoa nayo ikaisha. Alikuwa na watoto watatu wa kulea peke yake na kazi ya kamisheni katika kampuni ya Stanley Home Products, iliyouza vifaa vya usafi wa nyumba kwa njia ya pati. Mwenyeji anaalika majirani sebuleni, muuzaji anaonyesha bidhaa, wageni wanaandikisha oda. Aliyewahi kukaa kwenye kichen pati anaiona picha.

Wiki tatu za mwanzo wastani wake ulikuwa dola 7 kwa pati. Akakopa dola 12 kwenda mkutano wa mwaka wa kampuni huko Dallas, akabeba jibini na biskuti zake kwa sababu fedha ya chakula haikuwepo. Huko alimwona mwanamke akivikwa taji la malkia wa mauzo, akajiapiza kwamba mwaka ujao litakuwa lake. Likawa lake.

Mambo mawili ya miaka ile yanafaa kushikwa. La kwanza, saa. Kazi ya pati ilimruhusu kuchagua siku na muda wa kuwa nje ya nyumba, jambo ambalo ajira ya ofisini isingempa mama mwenye watoto watatu. La pili, ni nani aliyekuwa akiziandika sheria. Katika shindano moja la mauzo aliloshinda, zawadi ilikuwa taa ya kuvulia samaki usiku. Shikilia taa hiyo mkononi kidogo: mama mlezi wa watoto watatu, mshindi wa mauzo, anakabidhiwa chombo cha kusimama majini gizani akichoma samaki kwa mkuki. Waliochagua zawadi walikuwa wanaume, wakachagua wanachokipenda wao. Ratiba za mikutano, masharti ya kamisheni na sheria za uhamisho nazo zilipangwa na watu walewale, kwa macho yaleyale.

Sheria ya uhamisho ndiyo iliyomuuma zaidi. Muuzaji aliyejenga kundi la wauzaji chini yake katika mji mmoja, mume akihamishwa kikazi, alikuwa akiondoka na kuacha kundi na kamisheni yake yote. Miaka ya kazi inabaki kwenye mji uliohamwa.

Baadaye alihamia kampuni nyingine ya Dallas, World Gift, akapanda hadi kusimamia mafunzo ya nchi nzima. Mwaka 1963 mwanaume aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe alipandishwa juu yake, kwa mshahara wa mara mbili ya wake. Akaacha kazi. Mwezi Juni mwaka huohuo Rais Kennedy alitia saini sheria ya mshahara sawa kwa kazi sawa, lakini suala la nani anapandishwa cheo na nani anarukwa halikuguswa hadi sheria ya haki za kiraia ya 1964.

Orodha mbili mezani

Alikaa nyumbani kuandika kitabu cha kuwasaidia wanawake waliomo kwenye biashara. Akatengeneza orodha mbili: ya kwanza mambo mazuri aliyoyaona katika kampuni alizofanyia kazi, ya pili mambo ambayo yangeweza kufanywa vizuri zaidi. Alipozisoma akaona kwamba ameandika mpango wa kampuni. Kilichokosekana kilikuwa bidhaa, na hiyo alikuwa nayo: krimu za ngozi ambazo kwa miaka kadhaa alikuwa akizinunua kwa familia ya mtengeneza ngozi mmoja. Mtu yule aligundua kwamba mikono yake, iliyokuwa ikishinda kwenye dawa za kulainishia ngozi za wanyama, inaonekana michanga kuliko uso wake. Mary Kay akainunua michanganyiko ile kwa warithi wake.

Tunawashauri watu waanze hapa, kwa orodha ya pili. Andika kila jambo ambalo kazi yako ya sasa au biashara za jirani zinaifanyia vibaya familia, kwa maneno ya kitendo. “Kazi inachosha” haisaidii kitu. “Oda hufika saa 12 jioni watoto wanapooga, nami ndiye pekee mwenye ufunguo wa stoo” inasaidia, kwa sababu kinyume chake kinaweza kuandikwa kuwa kanuni: oda zinapokelewa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na ufunguo uko kwa watu wawili.

Mwezi mmoja kabla ya kufungua

Mtaji ulikuwa dola 5,000, akiba ya maisha yake. Kukopa kulikuwa kugumu: hadi sheria ya mwaka 1974, mkopeshaji wa Marekani aliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu tu ni mwanamke, au kumtaka mumewe aweke saini. Mpango ulikuwa kwamba yeye atashughulika na mauzo na mafunzo, na mume wake wa pili, George Hallenbeck, atashika hesabu, sheria na ofisi.

Mwezi mmoja kabla ya kufungua, Hallenbeck alipatwa na shtuko la moyo wakiwa kwenye meza ya kifungua kinywa, akafariki. Chupa zilikuwa zimeshaagizwa, lebo zimeshachapwa, fedha imekwisha kutoka. Mhasibu alimwambia auze kila kitu aokoe alichoweza, kwa sababu viwango vya kamisheni alivyopanga havitoki kihesabu. Mwanasheria aliagiza kutoka Washington kijitabu cha kampuni za vipodozi zilizofilisika, amwonyeshe.

Siku ya mazishi alikaa na watoto wake. Richard, mwenye miaka 20, alikuwa akiuza bima kwa dola 480 kwa mwezi. Akakubali kuja kwa 250. Ben alimpa mama yake kitabu chake cha benki chenye dola 4,500, akiba yake yote, kisha naye akaja kufanya kazi. Marylyn akaingia baadaye kwenye mauzo upande wa Houston. Duka likafunguliwa Ijumaa tarehe 13 Septemba 1963, chumba cha kama mita za mraba 46, na wauzaji 9. Mwaka wa kwanza mauzo yalifika karibu dola 198,000, wa pili karibu 800,000.

Simulizi hii hupendwa kwa ajili ya mapenzi ya watoto kwa mama, na mapenzi hayo yalikuwepo. Lakini mchambuzi atazame pia ufa uliokuwepo katika mpango. Nusu ya kampuni ilisimama juu ya mtu mmoja, mume, bila msaidizi anayejua kazi yake. Biashara nyingi za familia tunazoziona zina ufa huohuo: mume ana nywila za benki, mke ana namba za wasambazaji, na hakuna anayeweza kuishika nafasi ya mwenzake hata kwa siku tatu. Tiba yake inachukua jioni mbili. Kila mmoja aandike kwenye daftari moja: anamlipa nani, tarehe ngapi, kwa njia gani, na nani apigiwe simu kitu kikikwama. Kisha kwa wiki moja mbadilishane kazi. Daftari litasahihishwa mara kumi ndani ya wiki hiyo.

Jambo la pili ni mishahara. Richard alipewa mshahara wa kiasi kinachojulikana, tena kidogo kuliko wa alikotoka. Kumleta ndugu bila mshahara, “tutaona mambo yakikaa sawa”, kunaharibu kote kuwili: ndugu huchukua fedha dukani kidogo kidogo kwa kuwa anaona ni haki yake, na mwenye biashara hajui tena faida yake halisi ni ipi.

Kanuni tatu zilizobeba maneno yale

Ya kwanza ilikuwa ya zamu. Muuzaji amepanga pati ya saa 10 jioni. Saa 7 mchana mtoto anapandwa na homa. Katika kampuni nyingi za wakati ule alikuwa na njia mbili: aende amwache mtoto, au avunje pati na kupoteza mapato na mwenyeji. Mary Kay aliweka utaratibu wa muuzaji mwingine kuishika pati hiyo, na aliyeipanga kupata sehemu ya kamisheni. Kwetu sisi hii ndiyo kanuni bora ya mfumo mzima, kwa sababu inafanya kazi saa ileile ambayo nia njema hushindwa.

Ugumu wake uko kwenye mgawo. Tazama kazi inayoingia kwenye pati moja: kupiga simu na kupanga saa 1, safari saa 2, pati yenyewe saa 2, kupeleka bidhaa saa 1 na nusu, kufuatilia wateja nusu saa. Jumla saa 7. Aliyepanga amefanya saa moja, yaani kama asilimia 14 ya kazi, na mteja ni wake. Kumpa asilimia 15 hadi 20 ya faida ni haki. Ukimpa 50, baada ya mara mbili hakuna atakayekubali kumshikia. Usipompa kitu, ataficha ugonjwa wa mtoto na kwenda mwenyewe. Na iandikwe wazi kwamba mteja anarudi kwa mwenyewe. Kinachovunja makundi ya zamu ni hofu ya kunyang’anywa mteja, kuliko hata ugomvi wa fedha.

Ya pili ilikuwa kufuta mipaka ya maeneo. Muuzaji anaweza kuuza popote, na anayehama hapotezi kundi. Kiongozi akihamia Chicago, watu wake walio Dallas wanaendelea kuhesabiwa kwake, na kiongozi wa Dallas anawakaribisha kwenye mikutano yake na kuwafundisha bila kulipwa kwa hilo. Anafanya hivyo kwa kuwa na yeye ana watu wake miji mingine wanaofundishwa na wenzake. Ni ujirani ulioingizwa kwenye muundo wa malipo. Unasimama pale tu wema unapokwenda pande zote. Kiongozi wa mji unaopokea wageni wengi bila yeye kupeleka watu kwingine hujikuta anafanya mafunzo ya bure kila Jumatatu. Na upande wa pili wa kufuta mipaka ni kwamba hakuna anayezuia wauzaji ishirini kugombea mtaa mmoja wenye wateja wa kutosha watatu.

Ya tatu ilikuwa fedha taslimu. Hakuna mali kauli. Muuzaji analipia mzigo kwa bei ya jumla, ambayo ni nusu ya bei ya rejareja, kabla haujatoka ghalani. Kampuni haikuwa na madeni ya kudai, haikutuma mtu kugonga mlango wa mama aliyeshindwa kulipa, na fedha iliingia kabla ya bidhaa kutoka, jambo lililoiwezesha kukua kwa mtaji mdogo. Kampuni za wakati ule ziliwazamisha wauzaji kwa madeni ya mzigo, naye alikuwa ameliona hilo kwa macho yake.

Pia alihimiza mume ahusishwe. Kwenye semina kubwa ya kila mwaka huko Dallas kulikuwa na vipindi vya waume. Lugha ya vipindi hivyo ilikuwa ya Texas ya zama zile na mengine hayafai kuigwa, ila kiini chake kinafaa: walio nyumbani wanajua ratiba ya wiki mapema, wanajua fedha inayotafutwa ni ya nini, na hawashtukizwi saa 11 jioni kwamba leo mama hayupo.

Mahali mfumo ulipovujia

Sasa tufanye hesabu, kwa shilingi za Tanzania. Viwango ni vya mfano, weka vyako. Seti moja inauzwa 120,000. Pati ina wageni watano. Mmoja ananunua seti nzima, mwingine nusu. Mauzo 180,000, bei ya jumla 90,000, kinabaki 90,000. Toa zawadi ya mwenyeji, asilimia 10 ya mauzo: 18,000. Nauli 10,000. Sampuli na vitambaa 12,000. Jirani aliyekaa na watoto 5,000. Mkononi 45,000. Gawa kwa saa 7: ni kama 6,400 kwa saa. Kwa mtaa mwingi hiyo si haba.

Lakini pati huvunjika. Tuseme kati ya tatu moja inavunjwa dakika za mwisho, umeshapanga na umeshapanda basi: saa 3 na nauli 10,000 zimekwenda. Pati mbili zilizofanyika zimeleta 90,000, toa 10,000, zimebaki 80,000 kwa saa 17. Ni kama 4,700 kwa saa. Wengi hufanya hesabu ya kwanza tu, ya pati iliyofanikiwa, na ndiyo maana mwezi ukiisha hawaelewi fedha imekwenda wapi.

Ufa mkubwa uko kwenye mzigo. Kiongozi alipata kamisheni kwa kiasi ambacho watu wake walikuwa wamenunua kwa bei ya jumla. Kama mzigo huo ulimfikia mtumiaji au ulilala kabatini, kamisheni ilikuwa ileile. Hakuna haja ya kumfikiria mtu vibaya ili kuona kitakachotokea: mwisho wa mwezi, kiongozi aliyebakiza kidogo kufikia kiwango ana sababu ya kumsihi mgeni aanze na “mzigo wa kutosha”, au anunue yeye mwenyewe. Gari la rangi ya waridi, zawadi ya kampuni kwa viongozi bora, lilizidisha msukumo huo. Cadillac za kwanza zilitolewa mwaka 1969 kwa viongozi watano bora, na baadaye magari yakawa mpango mzima: unalitumia kwa muda maalumu, na kundi likishuka chini ya kiwango cha manunuzi unachangia gharama yake. Mama mwenye gari mlangoni, watoto wameshalizoea, atakubali kununua mengi ili heshima isipungue.

Rudi sasa kwenye kanuni ya fedha taslimu. Kampuni ilikataa kukopesha, basi anayetaka mzigo mkubwa hukopa kwingine. Marekani ilikuwa kadi ya benki. Huku kwetu ni VICOBA, chama, au ile mikopo ya kila wiki inayoitwa kausha damu. Chukua mzigo wa 1,200,000 kwa mkopo wa wiki 12 wenye riba ya asilimia 20 kwa muda wote: unarejesha 1,440,000, yaani 120,000 kila wiki. Kila pati inakuletea taslimu 135,000 baada ya matumizi. Pati mbili kwa wiki ni 270,000, unalipa, unabakiwa na 150,000. Pati moja, unabakiwa na 15,000. Wiki ambayo mtoto amelazwa kwa malaria, hakuna pati, na 120,000 inadaiwa palepale.

Hapo ndipo familia inaposhuka nafasi. Mama hakubadilisha imani yake. Rejesho la kila wiki ndilo linaloamua aende wapi Alhamisi. Kanuni ya zamu ilimpa ruhusa ya kubaki na mtoto, mkopo ukaichukua tena.

Kinga ilikuwepo: anayeacha anaweza kurudisha mzigo ulionunuliwa ndani ya mwaka mmoja na kurejeshewa asilimia 90 ya alicholipa. Ni kanuni nzuri kuliko za washindani wengi wa biashara ya mtandao wa wauzaji. Udhaifu wake ni kwamba lazima ujitoe kabisa, na mtu aliyeambiwa kwa miezi kumi na miwili kwamba “anaweza” huona aibu kujitoa. Muda unapita, mzigo unabaki kabatini.

Saa za mwenye kampuni na saa za muuzaji

Mary Kay mwenyewe alikuwa na nidhamu kali ya muda. Kila usiku aliandika mambo sita muhimu ya kesho kwa mpangilio wa uzito, akaanza na la kwanza. Aliamka saa 11 alfajiri na kuwahimiza wengine wafanye hivyo, kwa hesabu kwamba alfajiri tatu hukupa kama siku moja ya ziada kwa wiki. Mwaka 1966 aliolewa na Mel Ash, na wakaelewana kwamba jioni ikiingia kazi inakwisha na muda ni wa nyumba.

Muuzaji wa kawaida hakuweza kuiga hilo lote. Wateja wanaofanya kazi hupatikana jioni na Jumamosi, saa zilezile ambazo watoto wako nyumbani. Mwaka 1963 akina mama wengi wa mitaa ya Dallas walikuwa nyumbani asubuhi, watoto wakiwa shule, na pati ya saa 4 asubuhi iliwezekana. Wanawake walipoingia kwenye ajira kwa wingi miaka ya 1970 na 1980, pati ilisogea jioni, na kanuni ya familia kwanza ikabaki bila saa za kuisimamia. Kabla ya kuchagua biashara, usiulize tu kama saa ni zako. Uliza mteja wako yuko huru saa ngapi. Mshonaji wa sare za shule, mwandaaji wa vitafunwa vya ofisini, mtunza hesabu wa maduka madogo: wateja wao wanapatikana mchana. Anayepamba kumbi za harusi ameshauza Jumamosi zake zote.

Kwa familia ya mwanzilishi mwenyewe, mpango ulitimia. Kampuni iliuza hisa kwa umma miaka ya 1960, na mwaka 1985 yeye na Richard wakainunua tena ikawa ya familia, kwa deni kubwa. Mary Kay alifariki tarehe 22 Novemba 2001. Mjukuu wake, Ryan Rogers, alikuja kuwa mtendaji mkuu.

Karatasi ya zamu

Kwa kikundi cha wanawake watatu hadi watano wanaouza bidhaa za aina moja, tungeanza na karatasi moja ya zamu na ukomo mmoja wa mzigo. Ukomo ni rahisi: mzigo usizidi mauzo ya wiki tatu za kawaida, na ununuliwe kwa fedha iliyokwisha kuuza mzigo uliopita. Kwa mfano wetu wa pati mbili kwa wiki, ni 540,000 kwa bei ya jumla, wala si 1,200,000. Anayeanza aanze na mzigo wa pati mbili, 180,000.

Karatasi ya zamu iwe na haya: nani anamshikia nani, na nani wa akiba huyo naye akikosekana; taarifa itolewe mwisho lini, tunapendekeza saa 3 kabla, na ikiwa ni hospitali hata dakika kumi; mgawo kwa asilimia, na nani analipa nauli; mteja ni wa nani; na sababu zinazokubalika zisihojiwe. Sharti la mwisho hilo huleta ubishi, maana kuna atakayelitumia vibaya. Wekeni kikomo cha mara nne kwa miezi mitatu badala ya kuanza kuulizana kama mtoto kweli alikuwa na homa.

Kisha ijaribuni siku ambayo hakuna mgonjwa. Mmoja akae nyumbani kwa makusudi, mwenzake aende. Jioni hiyo mtagundua kilichosahaulika, na mara nyingi ni kimoja kati ya viwili: ufunguo wa kabati la mzigo, au namba za wateja zilizomo kwenye simu ya mtu mmoja tu.